Mama Mkwe Akitangulia

Sikuumbwa kwa ajili ya milima, ingawa nilizaliwa juu yake. Pale kwetu, upande wa Werugha, kwenda shambani ni kupanda, kwenda mtoni ni kuteremka, na hata kumsalimu jirani kunataka mapafu ya mbuzi. Mimi nilipenda jikoni. Ukungu uliposhuka asubuhi ukaziba bonde lote, nilivuta kigoda karibu na mafiga, nikaweka kitabu gotini na kikombe cha chai kando ya jivu, nikamwachia Mungu ulimwengu wake auendeshe mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari na nangoja kazi, na nilikuwa na imani kubwa kwamba kazi hiyo ingenifuata nyumbani.

Shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa akiniita Bibi Mafiga, ingawa nilikuwa mvulana.

"Bibi Mafiga, leo umetupikia nini?"

"Shangazi, mimi nasoma."

"Soma, mwanangu, soma. Moshi nao ni mwalimu."

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, na msimu wenyewe ulikuwa ule ambao matunda ya miiba yalijaa kuliko mtu yeyote alivyowahi kuona. Kwa Kidawida, lugha ya kwetu, tuna jina letu, lakini kwa Kiswahili tuliyaita hivyo tu, matunda ya miiba: ni kama forosadi, yanaanza kijani, yanakuwa mekundu, kisha yanaiva meusi na kuachia yakiguswa. Kijiti chake kina kucha kama za paka aliyekasirishwa.

Kijiti hicho kina tabia zake. Mwaka wa kwanza kinakua tu, hakitoi kitu. Mwaka wa pili kinazaa. Kisha kinakauka, na pembeni mwake tayari kuna machipukizi mapya yanayongoja zamu. Zamani, msitu ulipokuwa wa kila mtu isipokuwa fighi, ule msitu mdogo wa matambiko ambao hakuna aliyethubutu kukata hata fimbo, wanawake walijua la kufanya. Mti mkubwa ukianguka na jua likapata tundu la kuingilia, matunda yangeota hapo. Wanawake wangechuma, kisha wangekata vijiti vilivyokwisha kuzaa na kuyaacha machipukizi. Aliyekata chipukizi aliambiwa amekula mbegu, na hilo halikuwa neno dogo kwetu.

Halafu serikali ikaufunga msitu. Ikakata miti mikubwa ya mlima wetu, ikachoma mabaki, ikapanda miche ya misonobari kwa mistari iliyonyooka kama watoto wa shule wakisubiri kuchapwa. Na hapo, bila serikali kukusudia, matunda ya miiba yakaona sikukuu. Jua lilikuwa tele, jivu lilikuwa tele, na kivuli hakikuwapo. Katika mwaka wa pili baada ya moto, mlima mzima ulikuwa mweusi kwa matunda. Na mwaka huohuo ndio tulioambiwa mtu yeyote asiingie.

Sitaki kumsingizia Bwana Misitu, mzungu aliyesimamia miche hiyo, kwamba alikuwa mjinga. Mche wa msonobari ukikanyagwa umekwenda, na ile miiba ilikuwa ikiupanda mche na kuunyonga. Alikuwa na hesabu yake, nasi tulikuwa na mikebe yetu. Wanawake wa kijiji walichuma usiku ukikaribia kwisha, wakapanda lori la mboga hadi Voi, wakawauzia abiria stesheni na wake wa wenye maduka. Ilibidi wawahi, kwa maana tunda hilo halina subira. Likifika adhuhuri bila kuuzwa limekuwa uji.

Kulinda miche hiyo, aliajiriwa askari wa msitu. Naye alikuwa shemeji yangu.

Alikuwa mtu wa Mwanda, mrefu, mpole, aliyemwoa dada yangu mkubwa na kutimiza kila kitu kilichotakiwa kutimizwa. Kabla ya kuvaa kaki ya askari alikuwa akikata mkonge kule chini kwenye joto, na homa ya huko ilimrudisha nyumbani akiwa amebebwa. Dada alimwuguza hadi akasimama. Kazi ya msitu ilipopatikana, dada alilia kwa furaha, akasema, "Sasa mume wangu atazeeka." Kwa hiyo kofia ile na kaptula ile hazikuwa nguo tu. Kuzivua kulikuwa kurudi kwenye mkonge, na sisi sote tulijua mkonge ungemaliza kazi uliyoianza.

Lakini askari huyu alikuwa na tatizo moja ambalo Bwana Misitu hakuliuliza wakati wa kumwajiri. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso njiani. Akimwona anakuja, anapisha. Anaingia kichakani, anageuza mgongo, anakaa humo mpaka apite. Hamtaji jina. Si ugomvi, ni heshima, na kadiri mtu alivyolelewa vizuri ndivyo anavyoingia ndani zaidi ya kichaka. Shemeji yangu alikuwa amelelewa vizuri mno.

Shangazi ndiye aliyeligundua hilo.

"Wewe," alimwambia mama siku moja nje ya jikoni letu, "tangulia. Sisi tutakuja nyuma yako."

"Mnataka kunifanya nini?"

"Ufunguo, wifi yangu. Tunataka kukufanya ufunguo."

Wakaangua kicheko hadi kuku wakatawanyika. Mama hakucheka sana, lakini kesho yake alitangulia. Nimesimuliwa na zaidi ya mmoja: walipofika mwanzo wa miche, mama alikohoa kikohozi cha adabu ili kumpa mkwewe nafasi. Kofia ikaonekana, kofia ikashtuka, kofia ikazama kichakani. Wanawake wakapita kwa mstari na mikebe yao. Shangazi, aliyekuwa wa mwisho, alisimama.

"Kichaka, hujambo?"

Kichaka hakikujibu.

"Kichaka hiki kina adabu," akasema, akapita.

Wiki kadhaa mambo yalikwenda hivyo, na kila jioni nilisimuliwa nikiwa mahali pangu, nikacheka bila kutoka jasho. Nilidhani ni mchezo. Dada hakudhani hivyo.

Alikuja asubuhi moja ukungu ukiwa bado mzito, leso imemteleza, mtoto mgongoni akikohoa. Hakunisalimu.

"Mama yuko wapi?"

"Ametoka."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Dada, unajua alikokwenda."

Akaketi juu ya gunia la mahindi kama mtu aliyesukumwa. Akaniambia. Bwana Misitu alikuwa amefika kambini kwa askari wa msitu jana jioni bila taarifa. Mtu alikuwa amempelekea maneno kwamba wanawake wanaingia msituni na askari anawatazama. Alimwita shemeji mbele ya wenzake akamwambia kwamba asubuhi watapanda pamoja, na akikuta hata mwanamke mmoja kwenye miche yake, shemeji atavua kaki palepale na kuteremka na nguo ya ndani.

"Wameshatoka," dada akasema. "Wamepita njia ya kambi, ile ndefu. Ukipita njia ya wanawake utawahi. Kimbia."

"Mimi?"

"Kuna nani mwingine humu? Paka?"

Nilimtazama paka. Naye alinitazama kana kwamba anapima nani kati yetu ana nafasi nzuri zaidi. Nikaweka chai chini.

Njia ya wanawake ni fupi kwa sababu haizunguki kitu chochote. Inapanda tu kama ngazi ya ghala. Sikuwa nimeipita tangu nikiwa na umri wa kubebwa. Kufika mashamba ya mwisho nilikuwa nimeshikilia mbavu kwa mikono miwili. Kufika kwenye mawe nilikuwa natambaa. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuona nilikotoka wala niendako, na nilikuwa nikisikia tu pumzi zangu zikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Kisha, kutoka upande wa njia ya kambi, nikasikia mluzi. Mtu alikuwa akipiga mluzi wa wimbo wa kizungu, polepole, kwa raha, kama mtu ambaye mlima haumdai kitu. Nilisimama. Mluzi ulikuwa juu yangu au chini yangu? Katika ukungu sauti haina mahali. Nikaacha kufikiri, nikapanda kwa mikono na magoti.

Niliwakuta katikati ya miche, wametawanyika ndani ya miiba, mikebe viunoni, mapanga na fimbo za ndoano mikononi. Midomo yao ilikuwa ya zambarau. Shangazi aliniona wa kwanza.

"Jamani, njooni muone! Bibi Mafiga amepotea njia!"

"Shangazi..."

"Jikoni kumeungua?"

"Bwana..." Pumzi haikunipa neno la pili. "Bwana Misitu..."

"Bwana Misitu amekuoa? Hongera."

Wakacheka. Mama peke yake hakucheka. Alinitazama usoni, akaweka mkebe chini.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

Nikanyoosha mkono, na wakati huohuo mluzi ukakatika. Ukungu wa mlima wetu una fitina. Unakuficha mpaka unapohitaji kufichwa. Ulipasuka ghafla, jua likaingia, na hatua chache kutoka kwetu alisimama Bwana Misitu na fimbo yake, mwekundu, mnene kidogo, na mbele yake shemeji yangu.

Shemeji alimwona mama. Nilimwona akimwona. Uso ulimgeuka wenyewe, kama umevutwa kwa kamba. Alishusha kofia hadi puani, akaruka mistari miwili ya miche, akasimama nyuma ya kisiki kikubwa kilichobaki cha mti wa zamani, mgongo kwetu.

"Nini hii?" Bwana Misitu aliuliza kwa Kiswahili chake cha shambani. "Nani nasema nyinyi ingia hapa? Askari! Wapi askari?"

"Hapa, bwana," sauti ya shemeji ikatoka nyuma ya kisiki.

"Kwa nini wewe naficha? Kuja hapa. Kamata hii mama. Hii ya mbele."

Hakuna aliyesogea. Hata shangazi alikuwa amefunga mdomo, na hilo sijawahi kuliona tena. Nilijua alichoambiwa shemeji. Kumshika mkono mama mkwe wake mbele ya wanawake wa kijiji: baada ya hapo asingeweza kukanyaga uani kwetu, na dada yangu angeishi na mume ambaye nyumba yake hakuna mtu angeitembelea. Kutomshika: mkonge, joto, homa. Sikujua mtu anachaguaje kati ya vitu hivyo viwili, na nilikuwa nimesoma shule kumshinda.

Alitoka nyuma ya kisiki hatua moja, kando kando kama kaa, uso bado umeelekea bonde la Mwanda. Akavua kofia. Akaiweka juu ya kisiki taratibu, kama mtu anayeweka yai. Kisha mkono wake ukaenda kwenye kifungo cha kwanza cha shati.

Kifungo cha kwanza kikafunguka. Bwana Misitu alikuwa bado hajaelewa. Sisi tulikuwa tumeelewa. Mkono ukashuka kwenye kifungo cha pili.

"Bwana," mama akasema.

Hakumtazama mkwewe. Alimtazama mzungu moja kwa moja, na sauti yake ilikuwa ile ya kumwambia mgeni kwamba chakula kiko tayari.

"Bwana, tumekuja kusafisha."

"Kusafisha?"

"Miiba inanyonga miti yako. Askari wako alituita tuje tuikate. Tumekuja na mapanga yetu, ona."

Akainua panga. Shangazi akainua lake. Moja baada ya jingine mapanga yakainuka, na mikebe ikateremshwa nyuma ya marinda.

Bwana Misitu aligeukia mgongo wa shemeji.

"Kweli?"

Mkono ulikuwa bado kwenye kifungo.

"Kweli, bwana," shemeji akaliambia bonde.

"Basi kwa nini wewe nasimama kama mgonjwa?"

"Ana aibu, bwana," shangazi akadakia, ulimi umerudi mahali pake. "Alituahidi chai, na hajaleta."

"Na hii kijana?"

Macho yote yakanijia. Nilikuwa nimekaa chini kwenye matope, nimeshika mbavu. Sina hakika ningesema nini. Labda ningempa jina langu na cheti changu cha shule.

"Huyo ndiye wa kuchemsha chai," mama akasema.

Bwana Misitu aliridhika. Nadhani nilifanana na kazi hiyo. Akasogea, akaona mkebe wa mama nyuma ya rinda, akainama na kuchukua tunda moja. Akalitazama juani. Akalila, kisha akala la pili, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu anayemkumbuka mtu.

"Tamu," alisema. "Kwetu iko kama hii. Mama yangu napika jamu." Akapangusa vidole kwenye kaptula. "Haya. Safisha. Yote. Mimi nangoja hapa."

Akaketi juu ya jiwe, akawasha kiko.

Mama alianza. Alishika kijiti kilichojaa matunda, vishada vizima vizima, vingine vimeiva na vingine bado vyekundu, akakata chini. Kikaanguka na matunda yake. Wengine wakafuata. Mwanzoni walikata kama walivyozoea, vile vya kuzaa tu, wakizungushia panga kando ya machipukizi ya kijani. Walifanya hivyo bila kuambiana. Nikamwona Bwana Misitu akiinuka, akaja na kiko chake, akagusa chipukizi kwa ncha ya kiatu.

"Na hii?"

Mama akashusha panga.

"Hii ndiyo mbaya, mama. Hii kesho nakuwa kubwa."

Mama aliinama kwenye lile chipukizi. Lilikuwa jororo, la kimo cha goti, miiba yake bado laini. Nilidhani atasema neno. Nilitaka aseme. Nyuma yetu, kwenye kisiki, kofia ilikuwa bado haijarudi kichwani. Mama alikata. Akahamia la pili, akakata. Wanawake walimtazama, kisha nao wakaanza kukata chini kabisa, usawa wa udongo, na hakuna aliyesema kitu kuhusu mbegu. Shemeji alichukua panga akakata upande wa mbali, mgongo kwetu, kwa nguvu kama mtu anayepigana. Mimi nilipewa fimbo ya ndoano nikaburuta matawi. Nilifanya vibaya, lakini nilifanya.

Tuliendelea mpaka jua likatuwakia utosini. Sehemu ile ikabaki wazi, miche imesimama peke yake kwa mistari, midogo, yenye afya. Na ilistawi kweli. Baadaye misonobari ile ilishikana mikono juu, jua likakosa tundu, na chini pakawa na majani yake makavu tu, ya kahawia, yanayoteleza. Hata mwiba hauoti pale.

Bwana Misitu alimpigapiga shemeji begani.

"Kazi mzuri. Mwaka kesho leta hii mama tena." Kisha akaanza kuteremka, akimwita amfuate.

Njia ya kurudi kambini ilikuwa moja, nayo ilipita pale alipokuwa mama. Shemeji alitazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na kichaka. Tulikuwa tumekata vyote. Bwana Misitu alimwita tena. Basi mama akaivuta leso yake kutoka mabegani, akajifunika kichwa na uso wote, akasimama hivyo kando ya njia kama mzigo uliosahauliwa. Shemeji akapita. Alipofika karibu naye alipunguza mwendo.

"Shemeji," akaniambia mimi, ingawa nilikuwa mbali zaidi, "mwambie mama asante."

"Mama, shemeji anasema asante."

"Mwambie mtoto ana kikohozi," leso ikasema. "Amnunulie asali."

"Shemeji..."

"Nimesikia," akasema, akaenda.

Tuliteremka. Shangazi alijaribu kunitania mara moja, akaniuliza chai ya wafanyakazi iko wapi, lakini hakungoja jibu. Dada alikuwa amesimama uani, mtoto amelala begani. Alitazama mikono yetu kwanza, kisha nyuso zetu.

"Bado ana kazi?"

"Anayo," mama akasema. "Nenda kampikie. Atarudi na njaa."

Dada aliketi chini palepale akalia, halafu akaondoka haraka, akiwa bado analia. Mama aliingia jikoni, akaketi kwenye kigoda changu, akaninyooshea viganja vyote viwili. Vilikuwa vyeusi kwa maji ya matunda, na vimejaa miiba.

"Wewe una macho ya kusoma," akasema. "Nitoe miiba."

Nikaleta sindano. Nilikaa sakafuni mbele yake, nikatoa mmoja mmoja, naye akitazama moto. Alistuka mara mbili tatu, hakulalamika. Mmoja uliingia chini kabisa ya kidole gumba, kila nikiufuata ukazidi kuzama, na damu ikaanza kuchanganyika na ule weusi.

"Huo uache," akasema. "Utatoka wenyewe."